Barua ya Wazi kwa Dirisha Namba 6

Kwa Mheshimiwa Dirisha Namba 6,
Jengo la Wagonjwa wa Nje,
Hospitali ya Umma (jina nimelihifadhi, kama ulivyolihifadhi faili langu la kwanza, ambalo hadi leo halijaonekana).

YAH: MAOMBI YA KUFUTIWA MANENO "MGONJWA HAFUATI MASHARTI"

Shikamoo Dirisha. Kwa umri mimi ndiye mkubwa, lakini wewe ndiye mwenye muhuri, na mwenye muhuri huamkiwa kwanza.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jumanne iliyopita, siku ya kliniki yetu ya sukari, daktari kijana alifunua faili langu la pili, akatazama majibu ya kile kipimo cha miezi mitatu, akashusha pumzi, akaandika maneno matatu. Hakunionyesha. Lakini mgonjwa wa miaka ishirini na ushei hujifunza kusoma mwandiko wa daktari hata karatasi ikiwa imempa mgongo. Na hata nisingeyasoma, nilipokuletea faili uligonge muhuri uliyatangaza mwenyewe kwa sauti ya mnadani: "Baba, hufuati masharti, halafu unakuja kutumalizia dawa!" Benchi zima lilisikia. Mama mmoja aliyekuwa anasinzia alishtuka, akadhani ameitwa.

Ndipo nikaona nikuandikie, kwa heshima na taadhima, nikueleze jinsi ninavyoyafuata masharti, na jinsi masharti yenyewe yanavyotimua mbio.

Kwanza nijitambulishe, maana kwako mimi ni namba. Kongosho langu lilistaafu mwaka 2003, nikiwa na miaka 24. Halikuaga, halikudai kiinua mgongo, wala halikukabidhi ofisi. Tangu siku hiyo ninakaimu nafasi yake. Kongosho zima hufanya kazi mchana na usiku. Mwenyewe amelala fofofo, lenyewe linapima damu na kutoa insulini kwa kadiri inavyotakiwa. Kazi hiyohiyo mimi naifanya kwa vichupa viwili, kimoja cha insulini ya maji na kingine cha ile ya maziwa, kwa bomba moja la sindano linalonitosha wiki, na kwa kubahatisha. Likizo sijawahi kupata. Posho ya kukaimu sijaiomba.

Sukari yangu, Dirisha, haitulii. Asubuhi 18, adhuhuri 3, kwa ugali uleule, mchicha uleule na dozi ileile. Kuna siku mashine hushindwa hata kutaja namba, ikaandika tu HI. Binti yangu mdogo alipoisoma alifurahi: "Baba, inakusalimia!" Nikamjibu, ndiyo mwanangu, inasalimia kabla ya kuaga.

Sababu zipo, na hakuna iliyohitaji mganga. Alfajiri mwili wenyewe huachia sukari kwenye damu kumwandaa mtu kuamka, hata kama hajatia kitu kinywani. Homa huipandisha. Hasira huipandisha, kwa hiyo foleni yako nayo imo kwenye hesabu. Na iko sababu nyingine, niliyoonyeshwa na daktari mmoja mzee ambaye sasa amestaafu (yeye aliaga). Alinilaza kitandani, akanipapasa tumbo kwa vidole viwili, akasimama kushoto kwa kitovu. "Hapa," akasema. Palikuwa na nundu laini, kama andazi lililoumuka chini ya ngozi. Miaka yote nilikuwa najichoma palepale kwa sababu palishaacha kuuma. Akanieleza kwamba insulini ikiingia kwenye nundu hukaa humo kama mpangaji mkorofi: leo umemgongea hatoki, kesho anahama usiku bila taarifa. Akapunguza dozi kwanza, asije akaniangusha kwa wema wake, kisha akanifundisha kuhamisha sindano, tumbo na mapaja kwa zamu. Sukari ikapunguza wazimu. Alitumia dakika 5 na vidole viwili. Neno "hafuati" hakulitumia hata mara moja.

Sasa tuje kwenye masharti yenyewe.

Sharti la kwanza: insulini ikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Friji sina. Analo jirani yangu anayeuza barafu za ukwaju, na kwa miaka minne vichupa vyangu viliishi kwenye kopo tupu la siagi, kati ya barafu zake na vibua wa mchana. Nikienda kuchukua dawa, watoto walijipanga nyuma yangu wakijua biashara imefunguliwa. Siku moja mtu mwenye nia njema alikisogeza kichupa kipya kule juu kwenye barafu, kikaganda. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Tukazika uniti 1,000 bila matanga.

Siku hizi ninao mtungi: mdogo ndani ya mkubwa, mchanga kati yake, maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Umeme ukikatika mtungi hauna habari. Usiniambie ni ushamba. Mwaka 2021 watafiti wa shirika la Médecins Sans Frontières na wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha majibu ya uchunguzi wao: insulini iliyowekwa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lilivyo ndani ya nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Mtungi wangu ulizipokea habari hizo kwa utulivu. Lakini karatasi yako ya masharti, ambayo bila shaka iliandikwa na mtu mwenye friji la milango miwili, haijazipata.

Sharti la pili: nipime mara nne kwa siku. Nakubali. Mashine nilipewa bure siku ya maadhimisho ya kisukari, tukapigwa na picha. Nilipokuja kwako kuulizia stripi ukaniambia hazimo kwenye kitita. Mashine bila stripi, Dirisha, ni redio bila betri: inapendeza kabatini. Nikinunua mwenyewe kopo la stripi 50, kwa mara nne kwa siku linaisha siku ya 13 mchana. Mwezi una siku 30. Siku 17 zilizobaki napima kwa macho na miguu: nikiona daladala moja imekuwa mbili, najua imeshuka, nikienda msalani mara tano usiku, najua imepanda. Kisha unafika mwisho wa miezi mitatu, kile kipimo kikubwa kinatoa wastani wa kubahatisha kwangu, na daktari anashusha pumzi.

Sharti la tatu linajulikana na mtaa mzima: nisiguse sukari. Hapa naomba nikusimulie kisa, kwa sababu ndicho kilichonipa hasira ya kuandika.

Ilikuwa saa kumi jioni. Nilikuwa natoka kazini, nimechoma dozi ya mchana na chakula chenyewe kikachelewa. Nikiwa hatua chache kutoka dukani nikahisi jasho la baridi mgongoni, mikono inatetema, ulimi umekuwa mzito kama wa kuazima. Nikaegemea kaunta. "Nipe soda."

Muuza duka akanitazama kwa huruma. "Soda? Mzee, wewe si una sukari?"

"Nipe. Naanguka."

"Utaanguka ukinywa. Mama watoto aliniambia nisikuuzie kabisa." Akanifungulia chupa ya maji baridi. "Hii nakupa bure, baba yangu. Kunywa."

Nyuma yangu sauti ikasema, "Saa kumi tu, ameshalewa." Pembeni alisimama mtoto mwenye sare ya shule, ameshika daftari jipya mkono mmoja na pakiti ya juisi ya embe mkono wa pili, mrija umeshatobolewa. Dirisha, nitasema ukweli mbele yako na mbele ya taifa: mtu mzima mimi, baba wa watoto watatu, nilimnyang'anya mtoto juisi. Nikainywa yote. Nikakaa chini kwenye vumbi. Baada ya kama robo saa nikarudi kuwa binadamu, nikakuta nimezungukwa na umati, na mtoto ameshakimbia nyumbani analia.

Muuza duka simlaumu. Yeye alifuata masharti, tena kwa upendo. Mtaa wote umefundishwa kwamba sukari ikipanda inaua. Hakuna aliyefundishwa kwamba kwa mtu wa insulini ikishuka inaweza kuua kabla jua halijazama, na kwamba dawa yake ya haraka ni hiyohiyo sukari tunayokatazwa. Bango lililo juu ya kichwa chako lina chupa ya soda yenye alama nyekundu ya kukatwa. Mstari mmoja tu ungeongezwa pale chini, "Akitetema, akitoka jasho, akiongea kilevi, na kama bado anaweza kumeza, mpe", ungeokoa watu na juisi za watoto. Na kwangu mimi hatari inaongezeka, maana baada ya miaka mingi ya kushuka na kupanda mwili huchoka kupiga kengele. Mlinzi wangu wa ndani siku hizi naye analala lindoni.

Tukiwa bado kwenye sukari, nina swali la kizalendo. Mwanzoni mwa 2024 sukari ya dukani ilipopanda, nchi nzima ilisimama. Wabunge walisema, bei kikomo ikatangazwa, vibali vya kuagiza kutoka nje vikatolewa, mvua za El Niño zikatajwa kuwa chanzo. Hakuna aliyemwambia mpishi wa maandazi kwamba hafuati masharti. Sukari ya dukani ina Bodi yake, yenye ofisi na viti vya kuzunguka. Ya kwangu ikipanda, mkosaji ni mmoja na anajulikana: mimi. Nami huo uhusiano wa sukari na mvua ningeupenda sana. Siku nyingine daktari akishusha pumzi, nitamwambia ni El Niño.

Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, mnatuvalisha fulana za buluu tukatembea barabarani nyuma ya matarumbeta. Sijui kama umewahi kuambiwa kwa nini ni tarehe hiyo. Ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mwaka 1891, yule daktari wa Kanada ambaye yeye na wenzake waligundua insulini jijini Toronto mwaka 1921. Mwaka 1923 Banting na wenzake Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza ya ugunduzi huo kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa iwafikie watu. Dola 1, Dirisha! Inaonekana siku hiyo mtu wa mihuri alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Imepita miaka mia na zaidi, na mimi bado nasimama mbele ya kioo chako, nikiambiwa, "Ya maziwa ipo, ya maji imeisha, jaribu mwezi ujao." Kongosho lingeweza kujaribu mwezi ujao, lisingestaafu.

Basi msaada naupata wapi? Naupata hatua nne kutoka kwako, mahali ambapo hujawahi kugeuza shingo kupatazama. Naupata kwenye Benchi.

Benchi halina muhuri. Lina mwalimu mstaafu aliyekatwa vidole viwili vya mguu, ambaye hukagua nyayo zetu mmoja mmoja kabla ya daktari kufika, na akiona kandambili hugomba. Lina msichana wa kidato cha tatu anayejichoma mbele ya watu bila kujificha, naye ndiye aliyetuondolea aibu sisi wazee. Lina mama anayebeba sukari guru kwenye ncha ya khanga, si yake, ya yeyote atakayetetema. Ya maji ikiisha kwako, Benchi huulizana kwa macho, na mara kichupa kilichobaki nusu kinatoka kwenye mkoba wa mtu ambaye mwezi uliopita alikopeshwa. Juzi nilipomaliza kusimulia kisa cha juisi, hawakuniambia pole. Walicheka mpaka machozi, kisha kila mmoja akatoa chake: nani alinyonya sukari ya madukani akiwa bado hajailipia, nani alitia kidole kwenye asali ya mkwewe. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu. Siku hiyo nilipopimwa nilikuwa 7. Daktari alisema labda mashine ina hitilafu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo:

(a) Maneno "hafuati masharti" yafutwe, au chini yake paandikwe kila sharti na kifaa chake: friji lipo au halipo, stripi zipo au hazipo, ya maji ipo au imeisha. Kisha tuhesabu nani hakufuata.

(b) Mgonjwa yeyote ambaye sukari yake haitulii apapaswe tumbo kabla ya kugombezwa. Vidole viwili vinatosha, na vimo kwenye kitita.

(c) Lile bango liongezewe mstari wake.

(d) Jumanne moja tu, ufunge kioo, uzunguke mlango wa nyuma, uje ukae nasi kwenye Benchi. Nafasi tutakusogezea. Usije na muhuri. Njoo na kitu kitamu mfukoni, maana hujui jirani yako ataanza kutetema saa ngapi.

Nimalizie kwa kukujulisha kwamba barua hii nimeiandika kwa vipande vitatu, kwa sababu mara mbili ilibidi niiache nikale.

Wako mtiifu katika foleni,

Kaimu Kongosho

Nakala kwa:
– Benchi.
– Muuza duka, kwa utekelezaji.
– Mwanafunzi mwenye daftari jipya: nimeshaiacha dukani juisi yako, ya embe, imelipiwa. Mwambie tu yule mzee wa dukani ni ya kwako. Akisikia ni yangu hatakupa.