Muulize Tantini: Shimo la Mbuzi na Kasuku wa Bei

*Tantini. Mama mkwe wangu anatimiza miaka 70. Mume wangu alianza kuchimba shimo uani la kuchomea mbuzi wa sherehe. Mbuzi yuko hai, mume yuko shimoni tangu Jumapili, na sasa anaomba tochi. Nifanye nini?*
*– Mke wa mchomaji, komini ya Manika*

Mwanangu, umefanya vizuri kuniandikia mimi na si yule jirani yako anayejiita mshauri kwa sababu tu amenunua miwani. Kwa mambo ya mbuzi, mashimo na mama wakwe, hakuna wa kunifikia kutoka hapa mpaka Dilolo. Nimepika harusi ambazo ndoa zake zilikufa zamani, lakini mchuzi wake unazungumzwa hadi leo. Kuna ubatizo mmoja padri alisahau jina la mtoto. Langu hakulisahau, alilitaja mara mbili akiomba nyongeza ya sombe.

Na kwa kuwa umeniuliza habari za sombe (najua hukuniuliza, lakini ulikuwa njiani kuniuliza), sikiliza. Majani ya mhogo yana sumu yakiwa mabichi. Yatwange vizuri, yachemshe kwa muda mrefu bila kufunika sufuria, sumu iondoke na mvuke. Wanaoharakisha sombe ndio hao hao wanaoharakisha talaka. Baada ya hapo unatia karanga, halafu unatia kitu kimoja ambacho sitakitaja hapa, kwa maana jirani mwenye miwani naye anasoma gazeti.

Tulikuwa shimoni. Mbuzi hahitaji shimo refu. Kina cha goti kinatosha, mawe pembeni, makaa chini, basi. Mwanaume akishapita kiuno, moto ameshausahau, anatafuta mawe. Kwa hiyo angalia udongo anaoutupa nje. Ukiwa mwekundu mtupu, mwite aje kula, atakuja. Ukiwa na madoa ya kijani, hiyo ni malakiti, na malakiti ni shaba iliyovaa nguo ya sherehe. Lakini ukiona jiwe jeusi kama masizi, zito mkononi kuliko ukubwa wake, hiyo ni heterojeniti yenye kobalti, na hapo maneno matamu ya ndoa hayafiki chini.

Mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, mnaukumbuka? Mwaka 2014 habari ilienea kwamba mtu amechimba kwake akakuta kobalti. Haukupita muda, mtaa ulikuwa umetobolewa: shimo uani, shimo chumbani, mtu analala juu na shemeji yake anachimba chini ya kitanda. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikafungwa na wakazi wake wakahamishwa. Mwambie mumeo pia kwamba sheria ya madini ya 2002, na hata ile iliyoirekebisha mwaka 2018, inasema kilicho chini ya ardhi ni mali ya dola. Uwanja ni wenu mpaka pale jembe linapoishia. Na mvua zikianza, kuanzia mwezi wa kumi na moja udongo wetu unalegea, na mashimo yanafunika watu wazima wenye watoto. Hapo sitanii.

Dawa yangu ni hii. Mweke mama mkwe kwenye kiti, ukingoni mwa shimo lakini si karibu sana, asimulie kwa sauti jinsi mwanawe alivyokojoa kitandani hadi darasa la nne. Majirani waalikwe kusikiliza. Asipotoka, teremsha sufuria ya sombe kwa kamba, kisha ivute juu nusu mita kila anaponyoosha mkono. Njia hiyo niliitumia kwa mume wangu wa tatu. Yeye alikuwa kwenye baa, si shimoni, lakini kanuni ni ile ile.

Tena usimlaumu sana, damu inamsukuma. Watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuzaliwa mwaka 1906. Walimimina misalaba ya shaba, ikawa fedha, ikawa mali ya biashara, ikawa mahari. Bibi yangu alitolewa misalaba. Mimi, kwa uzuri niliokuwa nao, wazee walihesabu wakaona ingebidi watoe mgodi wa Kamoto mzima, kwa hiyo nikachelewa kuolewa. Hiyo ndiyo sababu, na wanaosema vingine hawakuwepo.

*Tantini, kasuku wetu amejifunza maneno ya baba watoto akiongea na wanunuzi wa madini wa Musompo kwa simu. Jumamosi walikuja wakwe kuposa binti yetu. Walipoweka bahasha mezani, kasuku akasema: “Bei imeshuka, rudi kesho.” Wakaondoka na bahasha.*
*– Mama wa bi harusi mtarajiwa*

Nimecheka mpaka nikashika ukuta, mwanangu, halafu nikakasirika kwa niaba yako. Ila kasuku hana kosa. Ndege yule anaishi kwa kundi, na akikosa kundi la kasuku anawafanya ninyi kuwa kundi lake. Anaiga ili akubaliwe, na maneno yanayosemwa kwa joto ndiyo yanayomwingia haraka. Sasa niambie, katika nyumba ya mfanyabiashara wa madini, ni neno gani linasemwa kwa joto kuliko bei? Serikali iliposimamisha kupeleka kobalti nje, mwezi wa pili wa 2025, hata watoto wa shule ya msingi hapa Kolwezi walikuwa wanaulizana bei. Kasuku wenu ni mwanafunzi mwenye bidii tu.

Usikubali kumuuza kwa dereva wa lori anayeelekea mpakani Kasumbalesa. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu si ndege wa pori letu. Kwao ni misitu ya mvua, kaskazini huko. Wamekamatwa wengi mno, hata mataifa yakakubaliana Johannesburg mwaka 2016 kwamba wa porini wasifanyiwe biashara kuvuka mipaka, na tangu Januari 2017 ndiyo kanuni. Huyo mliye naye mtunzeni. Anaweza kufika miaka 40 na zaidi, maana yake atahudhuria pia posa za wajukuu. Avokado asionje, hata kama mti wenu unavunjika matawi kwa kuzaa; kwake ni sumu. Na msimwache peke yake siku nzima, atajinyonyoa manyoya kwa upweke.

Kumfundisha upya ni kazi ndogo. Mngemleta kwangu alasiri moja. Kasuku mmoja aliwahi kunisikiliza nikieleza maisha yangu, tangu siku hiyo hakusema tena neno. Ananitazama tu, nadhani kwa heshima. Kama nauli hamna, mpigieni gita la Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, hapa hapa Lualaba. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, vidole viwili tu, na ukisikiliza utadhani watu wawili wamekaa. Hugh Tracey alimkuta Likasi mwaka 1952, wakati bado inaitwa Jadotville, akamrekodi, na wapiga gita wa mbali wakaanza kumwiga. Mimi sikumfundisha, nasema kweli. Nilichelewa kuzaliwa. Kasuku akishika mluzi wa gita lile, wakwe watarudi wenyewe, tena na bahasha iliyonenepa. Kabla ya hapo, siku ya wageni, funika tundu kwa kitenge.

*Tantini, watoto wanataka kuona simba likizo hii. Pesa yetu inafika Likasi.*
*– Baba wa watatu*

Papa, simba wengi wa Katanga siku hizi wako kwenye chupa za bia, wanatengenezwa Lubumbashi. Walio hai utawatafuta kwenye zoo ya Lubumbashi, kama kilomita 300 za barabara, nyuma ya malori ya shaba ambayo hayana haraka na hayana aibu. Ukisema punda milia, hao bado wako porini, Upemba, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1939. Ni wa mwisho nchini. Nao hawafikiki kwa pesa ya Likasi.

Fanya mazoezi ya safari. Waingize watoto kwenye gari lililozimwa, uani, pamoja na kuku wawili, gunia la makaa na shangazi mnene. Washinde humo. Mama watoto asimame getini adai peaji, kila nusu saa adai tena kwa jina lingine. Mjomba avae koti, ajifanye polisi wa barabara, aulize karatasi ambayo haipo. Kufikia mangaribi hakuna mtoto atakayetaja simba.

Wakitaja bado, wapeleke Nzilo, kaskazini mwa mji. Lile ziwa lilitokana na bwawa lililojengwa miaka ya 1950 kwenye mto Lualaba ili kuipa migodi umeme. Waonyeshe yale maji, uwaambie yanapita Bukama, yanafika Kisangani yakibadilisha jina kuwa Kongo, yanakwenda mpaka bahari ya Atlantiki. Nilipowaeleza hivyo wapwa zangu, mmoja akaniuliza maji yanalipa peaji ngapi. Ana akili za ukoo wetu. Waulize wavuvi wapi pa kuchezea kabla mtoto hajavua viatu, na ubebe bukari ya kutosha, maana hewa ya ziwani inafungua tumbo.

Mhariri ananionyesha saa. Wewe wa Dilala uliyeuliza kama mbuzi aliyetafuna sare zote za harusi bado anafaa kuliwa: ndiyo, tena upesi. Juma lijalo napokea maswali ya bata na ya mawifi tu. Ya mbwa msilete. Wangu mwenyewe hanisikilizi.