Namna ya Kufungwa Bao Itungi kwa Heshima

Meli ya Mbamba Bay haijatokea, jua la Kyela limekaza, na chini ya mwembe wamekaa wazee na bao lao. Watakukaribisha. Watakufunga pia, ndugu yangu, maana wameanza kucheza kabla hujazaliwa. Basi ufungwe vizuri.

1. Toa shikamoo kwa wote, watazamaji nao. Hao ndio watakaokutetea baadaye.

2. Usifungwe mkononi. Hili lishike kuliko yote. Una kete 32: sita zimo nyumbani, yaani kwenye shimo la mraba la safu ya mbele, mbilimbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 umezishika, unanamua, yaani unaziingiza mchezoni mojamoja. Ukimalizwa hizo hazijaisha, habari itafika Ipinda kabla yako. Njia ya mkato ya kuepuka hilo ni nyumba. Ukila, na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako, una hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzitoa kete za nyumba na kuendelea kuzipanda. Lala! Kusafiri kunanoga, najua. Kete zinazunguka, watu wanashangilia, unajiona bingwa. Lakini nyumba ikishavunjwa hairudi, na mzee alikuwa anaisubiri hiyohiyo. Ukilala mara mbili tatu watasema mgeni ana akili.

3. Usihesabu kwa kidole. Fundi huona kete itakapoishia kabla hajainua mkono. Wewe kodoa macho kwenye shimo kwa muda uleule anaokodoa yeye, kisha cheza ulichokusudia tangu mwanzo.

4. Usiibe. Kudondosha mbili pamoja ni kazi nyepesi, ila kete ni 64 na kila aliyekaa pale anazijua zilipo. Kufungwa kutasahaulika jioni. Wizi utakukuta hata ukivuka Mto Songwe, maana Malawi nako wanacheza mchezo huuhuu, wanauita bawo.

5. Safu yako ya mbele ikikaribia kukauka, wahi kusema “hamna” mwenyewe, kwa sauti. Kisha uliza: “Mzee, nilipotea wapi?” Hakuna fundi anayelikataa swali hilo. Atazipanga kete upya na kukuonyesha shimo lenyewe, na somo hilo halinunuliki. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda bao, kwa hiyo uko kwenye darasa la wakubwa.

6. Mpishe anayesubiri, ukae nyuma ya mshindi. Mtazame anapokula kwenye kichwa au kimbi, yale mashimo mawili ya mwishoni mwa safu ya mbele: kete huanza kupandwa kutoka upande huohuo, na hapo mchezo huweza kugeuka mwelekeo. Wageni wengi hufia hapo.