Mtungi Usiomwaga Hata Tone

Kamere mafuta ya kupikia ni ya kupimiwa. Ukishuka jioni kutoka mashamba ya maua kando ya Moi South Lake Road, unampa mwenye duka shilingi zako na chupa kuukuu ya soda, anabonyeza pampu pale kaunta, unaenda zako.

Basi Desemba chama cha mama watoto kikataka makuu. Badala ya kugawana pesa, kila mwanachama akapewa unga, sukari, sabuni ya unga na mtungi wa mafuta wa lita tano. Mtungi wenyewe ulikuja na maringo: mshikio uliochongwa nafasi za vidole, kifuniko cha rangi ya dhahabu, na maandishi yanayoapa kwamba unafunguka kwa urahisi wala haumwagi hata tone. Kitu kinachofunguka kwa urahisi kingeachwa kifunguke tu, bila tangazo.

Samaki walikuwa wameshatiwa chumvi, jiko la makaa limeshika. Mama watoto akazungusha kifuniko. Chini yake, ndani ya mdomo mwembamba wa kumiminia, kulikuwa na kizibo kingine chenye kipete. Kipete hicho ndicho urahisi wenyewe. Akatia kidole, akavuta. Pete ikamkaa kidoleni kama ya harusi, kizibo hakikutikisika.

“Leteni kisu,” akasema mama mkwe, ambaye nyumba nzima humwita shosho, na aliyekuwa ameteremka kutoka Ol Kalou kula Krismasi nasi. Kisu kikateleza. Kijana wetu akaleta bisibisi, ikazama ikakwama. Mimi nikapendekeza msumari wa moto, nikaambiwa nitoke jikoni. Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kwa hiyo nikatoka kwa kuhamia kitandani.

Aliyetuokoa ni jirani mvuna waridi, mwenye mkasi wake wa zamani wa kukatia mashina. Mtu huyu hushinda na miba kutwa. Kizibo kingemfanya nini? Akakibana kwa ncha za mkasi, akanyonga, kikaitikia kwaa! Mafuta yasiyomwagika hata tone yakaanza na pazia, yakapitia leso ya shosho, yakawafikia samaki kabla ya samaki kufika kikaangoni.

“Maziwa ya Nyayo hayakuwa na pete,” shosho akasema huku akijifuta. Alikuwa na haki ya kuyakumbuka, kwa kuwa wanawe waliyanywa. Rais Moi alianzisha mpango wa maziwa hayo mwaka wa 1979, mtoto wa shule ya msingi akawa anapewa mililita 200 bure katika pakiti ya pembetatu. Umbo lile lilitoka mbali, Uswidi, kwa kampuni ya Tetra Pak aliyoiasisi Ruben Rausing mwaka wa 1951. Lilipofika kwao Nyandarua watoto waling’ata pembe wakanywa. “Hakuna aliyewaandikia wang’ate wapi,” shosho akaongeza, “na hakuna aliyelala na kiu.”

Sabuni ya unga nayo ilikuja na zipu. Marufuku ya Agosti 28, 2017 ilituondolea mifuko ya plastiki ya kubebea, ila plastiki inayofungia bidhaa kiwandani ikaruhusiwa, ndiyo sababu zipu hiyo ipo kihalali. Punje za sabuni ziliingia kwenye meno yake siku ya kwanza, haikufunga tena. Shosho akaibana kwa kibanio cha nguo, kikatosha.

Hayo yote ningeyasamehe. Lililoniudhi lilijitokeza mafuta yalipokwisha. Kwetu mtungi mtupu ni mali, maana maji ni ya kununua na kubeba, na wa lita tano ndio saizi ya mtoto. Huu ulikataa kazi. Ule mdomo uliopachikwa ili mafuta yasidondoke haukutoka kwa jino wala kwa koleo. Mchanga wa kusugulia haupiti, maji yanaingia kwa kubembelezwa na yanatoka yakinuka chapati. Nadhani aliyeubuni ana pipa la taka jikoni kwake, akaamini mtungi ukiisha mafuta umekufa. Jirani akarudi na mkasi, akakata mdomo mzima. Ukapatikana mtungi ulio wazi vizuri kabisa, usio na pa kukaza kifuniko, na mtoto akafika nyumbani na maji nusu, nusu nyingine iko kwenye kaptula.

Februari kikao cha chama kikaazimia mwaka huu wanunue ile mitungi ya lita ishirini wanayotumia wenye maduka, wapimiane wenyewe. Kila mtu akaafiki hadi ikaulizwa mitungi ikibaki mitupu itakuwa ya nani. Mtunza hazina akataka kura ipigwe. Mama watoto akasema kabla ya kura alipwe pazia lake. Shosho, ambaye hata si mwanachama, akapiga simu kutoka Ol Kalou kuulizia leso.