Safari ya Utulivu

Hongera, mkuu. Umeacha kazi, sasa unaufuata utulivu Mbulu kwa barabara ya mlima Magara. Gari tumeliona: hema juu ya paa, winchi mbele, sepetu mbili, friji, na mashine ya kahawa inayokula umeme kuliko nyumba yangu. Na ratiba! Saa 12:10 kahawa, 12:40 kutafakari. Ofisi umeihamishia kwenye buti. Kwenye kona za Magara, mpishe kijana wa bodaboda anayeteremka na gunia la vitunguu saumu, mama mmoja na mtoto mgongoni, ndala miguuni. Ukipita Mbulu hadi Katesh, chini ya mlima Hanang wenye mita zaidi ya 3,400, utakuta lami, chai na chapati. Ukikwama kabla ya hapo, kusukuma ni maelewano.