Kijiko cha Chai

Hapa Giheke, ukitaka kujua sheria za forodha usijisumbue kwenda Kigali. Kaa baa yoyote iliyo kando ya lami, sema kwa sauti, "Nataka kuleta gari," halafu tega sikio. Kabla chupa haijafika mezani utakuwa na mawakili watatu, na kati yao hakuna hata mmoja mwenye baiskeli.

Wa kwanza aliniambia nichukue gari Bukavu, lenye namba za Kongo, niwe navuka nalo asubuhi na kurudi nalo jioni "kama mgeni." Mgeni wa nani, mimi ninayefundisha hesabu kwenye shule inayoonekana kutoka baa hiyohiyo? Wa pili akashauri gari la Japani, la bei poa, usukani kulia. Ushauri mzuri, ila ulichelewa: tangu 2005 Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari madogo ya usukani wa kulia. Huku tunaendesha kulia, na dereva aliyekaa upande wa mtaro hawezi kulipita lori bila kumwomba abiria amchungulie. Wa tatu akanong'ona kwamba muuzaji akiandika bei ndogo kwenye risiti, kodi nayo inanywea. Huyo nilimnunulia bia.

Ilikuwa 2019. Nilikuwa na akiba ya miaka 9 na jambo moja nililowazidi wote pale: hesabu. Nilikaa na daftari la mraba juma zima. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa gari ulikuwa 25%, na haukupigwa kwenye bei ya gari peke yake. Nauli ya meli na bima viliingia humo. Juu yake ulikaa ushuru wa bidhaa, uliofuata ukubwa wa injini: chini ya sentimita za ujazo 1,500 ilikuwa 5%, kuanzia hapo mpaka 2,500 ilikuwa 10%, na kubwa zaidi 15%. Juu ya lundo zima ilipanda VAT ya 18%. Ni sawa na kumwagiwa mchuzi juu ya mchuzi, kisha mhudumu akakutoza kwa kina cha bakuli.

Hapo ndipo nilipoipenda Toyota Yaris. Mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Dubai alinipigia picha ya moja ya mwaka 2008, nyeupe, usukani kushoto, maana na wao huendesha kulia kama sisi. Injini yake watu huiita "moja na nusu," jina la kutia hofu kwa mtu aliyekaa na lile daftari. Lakini karatasi za kiwandani zinasema 1,497. Sentimita za ujazo 3 tu zimebaki kuufikia mpaka! Nilikwenda jikoni nikachukua kijiko cha chai, ambacho hubeba 5, nikakitia maji nusu na ushee, nikampelekea Mama Watoto.

"Unaona haya maji? Haya ni dola 295."

Hesabu ilikuwa sahihi. Gari likikadiriwa dola 4,000 pamoja na safari yake, nusu hiyo ya kijiko inapunguza ushuru wa bidhaa kutoka dola 500 hadi 250, na VAT inaporomoka nao kwa 45. Mama Watoto aliyatazama yale maji, akayamwaga, akarudisha kijiko kwenye bakuli la sukari.

Meli ilifika Dar es Salaam, na mimi nikafika kwenye ubahili wangu. Gari linalopita kwenda nchi nyingine halitoki bandarini bila wakala wa forodha mwenye leseni, yule ambaye huku kwetu tunamwita deklara. Alitaka dola 300. Tulivutana kwa simu siku nne, mimi niko juu ya kilima cha Giheke natafuta mtandao, yeye yuko Dar anakula chips, naisikia. Siku ya nne akakubali 250. Nilipiga kofi la ushindi. Kisha akanisomea gharama za kulaza gari bandarini kwa siku zile nne: dola 70.

Nikasema basi nitalifuata mwenyewe, nisilipe dereva wa IT, hao jamaa wanaoyakimbiza magari ya transiti hadi mipakani. Deklara akanyamaza kidogo. "Mwalimu, umewahi kuendesha kushoto?" Nikamlipa dereva. Nilimpokea Rusumo, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka alikotoka, macho mekundu, kiti cha nyuma kimejaa maganda ya karanga. Palepale juu ya mto Akagera ndipo magari hubadilishana pande: kushoto kwa Tanzania, kulia kwetu. Yaris yangu ilihamia kulia na nikaona kama imeshusha pumzi.

Kigali nilikuwa na risiti mfukoni. Dola 1,500, imeandikwa vizuri, mhuri wa buluu. Afisa hakuiulizia. Aliandika aina ya gari na mwaka wake kwenye kompyuta, ikaangaliwa thamani ya gari hilo likiwa jipya, ukaondolewa uchakavu wa miaka 11, na namba ikatokea kabla sijaingiza mkono mfukoni. Dola 4,000, kamili kama ya daftari langu. Risiti ile sikuitoa. Siku mbili baadaye niliifutia kijiti cha kupimia oili.

Basi ningenyamaza. Lakini deklara wa Kigali, kijana mpole, alikuwa anajaza fomu: "Gari ni la matumizi gani, mwalimu?" Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu waliovaa saa kubwa. Nikatoa kifua. "Biashara," nikasema.

Kumbe bidhaa ya biashara, kama mwenyewe hana hati ya kwamba hadaiwi kodi, hukatwa 5% nyingine mlangoni. Dola 200. Mfanyabiashara huzitoa kwenye kodi yake mwaka ukiisha. Biashara yangu mimi ni chaki.

Fanya nami hesabu. Kijiko kiliokoa 295, deklara wa Dar 50. Bandarini nikapoteza 70, mdomoni 200. Nilikuwa bado mbele kwa dola 75, na ningeweza kutembea nazo kichwa juu, kama si kontrole teknike, ule ukaguzi wa gari. Matairi ya Dubai yamenona ukiyatazama kwa mbele, ila jua la kule lilikuwa limeyapasua ubavuni kama visigino vya kiangazi. Mkaguzi alipitisha ukucha kwenye ufa mmoja, akanitazama kwa huruma. Manne mapya.

Nilipokata bima, dada wa dirishani aliniuliza kama nataka na karite jone. Nikacheka. Karite jone ninayo, dada yangu, ndiyo kadi ya gari yenyewe, ya njano, ina jina langu. Akainua mabega. Nikahesabu hapo nimekwepa mtego wa mwisho.

Tuliingia Giheke usiku na mvua ya msitu wa Nyungwe, mchanga wa Dubai ukitoka chini ya mazulia kila kona. Jumamosi iliyofuata shemeji yangu alikuwa na harusi Bukavu. Nikavaa suti, Mama Watoto akavaa mshanana, buti likajaa kreti za Fanta, tukashuka hadi mpaka wa Rusizi tukipungia watu.

"Muzehe, karite jone?"

Nikampa afisa kadi yangu. Akaigeuza, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hii ni ya gari. Nataka ile ya COMESA. Bima ya kuvukia."

Nyuma yetu akina mama wa mayai na nyanya walikuwa wanapita kwa miguu, mmoja baada ya mwingine, vikapu kichwani, wakichungulia ndani ya Yaris. Niliegesha upande wetu. Tulivuka daraja kwa miguu, mimi na kreti begani, Mama Watoto na viatu mkononi.

Shemeji alitukuta getini, akatazama nyuma yetu barabarani.

"Mutuka iko wapi?"

"Iko Rwanda," Mama Watoto akamjibu. "Imebakiza kijiko kimoja tu ifike."