Kesi ya Corolla Yetu

Mwaka huu ukoo wetu uligawanyika kwa sababu ya gari. Upande mmoja alikuwepo mjomba, aliyesimama barazani kwetu Kigamboni akatamka kwamba gari likishapita kilomita laki tatu ni chuma chakavu, linasubiri mnunuzi wa kilo. Upande wa pili alikuwepo baba watoto, ambaye Corolla ile aliinunua kabla hatujaoana, na ndiyo iliyonikimbiza hospitali uchungu wa kifungua mimba wetu uliponishika usiku. Katikati nilikaa mimi na daftari la gari, lenye kila oili iliyomwagwa na kila spea iliyofungwa tangu mita iliposoma 96,000. Siku lilipotuzimikia ilisoma 312,400.

Lilituzimikia Jumamosi, juu kabisa ya Daraja la Nyerere, tukielekea harusini Temeke. Shangazi alikuwa kiti cha nyuma na sufuria la pilau mapajani, limefunikwa kanga, maana alikataa katakata lisiwekwe kwenye buti. Mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, mvuke ukafuka chini ya boneti, na baba watoto akazima injini papo hapo. Kwa hilo namsifu mpaka leo. Injini iliyochemka ukiendelea kuilazimisha, silinda hedi ya alumini inapinda, na hapo hakuna tena la kujadili. Daraja lile lina urefu wa mita 680 nasi tulikuwa katikati yake, upepo wa bahari unapeperusha kanga, magari yanatupigia honi. Shangazi akashuka na sufuria lake, akasimamisha bajaji, akaondoka. Pilau lilifika harusini kwa wakati. Sisi tulivutwa kwa kamba hadi nyumbani.

Fundi wa kwanza hata boneti hakuifungua vizuri. "Dada, injini imekufa hii. Nendeni Gerezani mkatafute mtumba wa Japani, tufunge, mambo yaishe." Ni kweli, kwenye maduka ya spea ya Gerezani injini zipo, zimepangana sakafuni zikiwa na nyaya zake zilizokatwa. Lakini injini ya mtumba nayo ina kilomita zake, na hakuna anayekuja kukueleza ni ngapi. Mjomba aliposikia bei akapiga simu jioni ileile: fedha hiyo ongezeni kidogo, mnunue gari zima.

Basi tukaenda yadi. Tulikuta gari zuri la rangi ya fedha, limeng'arishwa hadi tairi, mita inasoma 64,000. Baba watoto aliketi kwenye usukani na nikaona moyo wake umeanza kuhama. Mimi nikafungua mlango wa dereva nikachungulia kwenye fremu yake, pale ambapo gereji za Japani hubandika stika ndogo ya kubadilishia oili. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni hizi hizi zetu. Stika ilisema 118,000. Nikatazama pedali ya breki: mpira umelika upande mmoja hadi chuma kinakaribia kuonekana. Nikamwita baba watoto, nikamwonyesha kwa kidole bila kusema neno. Alishuka mwenyewe.

Ndipo nilipoiona hoja ya mjomba ilipolegea. Katika kilomita 312,400 za kwetu, tangu ya 96,000 ninazijua zote. Naweza kukuambia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na nani aliufunga. Kilomita 64,000 za yadi zilikuwa hadithi ya mtu mwingine. Namba kubwa inayoaminika ina faida kwa mnunuzi kuliko namba ndogo iliyorudishwa nyuma, na nasikitika kuona familia zikiuza gari zinalolijua ili kuingia deni la gari zisilolijua.

Kuagiza wenyewe Japani nako tulikupigia hesabu. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, na juu ya jumla kuna VAT ya asilimia 18. Kati yake kuna ushuru wa bidhaa, na gari lililopita miaka kumi linaongezewa asilimia 30 kwa ajili ya umri peke yake. Magari tuliyoweza kuyamudu kwa bei ya Japani ni hayo hayo ya umri huo. Baba watoto akakunja karatasi.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi mstaafu, ndiye aliyeuliza swali ambalo lingetangulia yote. "Mama, kompresheni imepimwa?"

"Bado, mzee. Walisikiliza tu."

Alikuja asubuhi na geji yake. Kijana wetu wa kidato cha tatu akashika tochi. Kwanza alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye kitambaa cheupe: oili nyeusi ya kawaida, haina rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia humo. Kisha akatoa plagi zote nne, akafunga geji kwenye silinda moja moja huku baba watoto akipiga starta. Ya kwanza ilisoma 175, ya pili 90, ya tatu 85, ya nne 170. Akadondosha oili kidogo kwenye tundu la pili na la tatu, akapima tena. Mshale haukupanda. "Ringi zingekuwa zimelika, oili ingeziba na namba ingepanda," alimwambia kijana. "Silinda mbili jirani zikianguka pamoja hivi, mara nyingi ni gasketi imekatika katikati yake."

Alipofungua ilikuwa hivyo hivyo. Na chanzo kilikaa pembeni: rejeta imeziba kwa chumvi ya maji ya kisima, na thamostati haipo kabisa. Fundi fulani wa zamani aliitoa kwa maelezo kwamba nchi za joto haziihitaji. Si kweli. Bila hiyo, kwenye injini nyingi za Toyota, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mzigo na jua kali injini inachemsha.

Nilitaka tuanze kazi. Mzee akakataa. Alilala chini ya gari na bisibisi, akaanza kugonga kizingiti cha milango, pointi za jeki, na pale shokomzoba zinaposhikia bodi. Hewa ya bahari inakula chuma, na Corolla haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. "Hapa bisibisi ikizama, uzeni leo, hata injini ingekuwa mpya." Bisibisi haikuzama isipokuwa sehemu moja nyuma ya tairi, pa kuchomelea.

Silinda hedi ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine. Tukanunua gasketi, rejeta mpya, thamostati na kulanti. Fedha iliyobaki kwenye ile ya injini ya mtumba ilitosha breki pedi, bushi na tairi za mbele, vitu ambavyo mjomba hakuvitaja hata mara moja.

Kisha tuliandika masharti kwenye daftari. Giaboksi ikifa, gari linauzwa bila kikao. Kutu ikifika pointi za jeki, vilevile. Kila mwezi nusu ya marejesho ambayo tungelipia gari jipya inaingia SACCOS, ili siku hiyo isitukute mikono mitupu. Baba watoto alitia saini, nami nikatia. Mjomba amesaini kama shahidi, ingawa bado anasema tungeuza.