Sifa za Mlo Uliolipiwa Kabla ya Njaa

Washairi wa mwambao wamekwisha kuyasifu majahazi, minazi, farasi na mabanati wa kiungwana, na wengine, walipopungukiwa na mada, wamewasifu hata waajiri wao. Lakini hadi leo sijamwona mwenye kalamu aliyesimama hadharani, akapiga bismillahi, akausifu mpango wa milo unaouzwa kwa jamaa wanaokwenda kustarehe na watoto wao huko Walt Disney World, Florida, ambao kwao mtu hukilipia chakula cha safari nzima akiwa bado nyumbani kwake, ameshiba, wala hajui Jumatano ya wiki ile atakuwa na njaa ya namna gani. Wanaoutaja huutaja kwa kuulaumu: huuita mtego, huuita ulafi uliopigwa muhuri, na hukesha wakijumlisha na kutoa ili wathibitishe kwamba mtu angaliokoa dola nne lau angalinunua kila kitu kwa fedha taslimu. Mimi sioni insafu katika jambo hili. Kitu kiwezacho kuwafanya watu wazima wenye kazi zao wajadiliane mpaka usiku wa manane juu ya thamani ya aiskrimu moja hakikosi kuwa na utukufu wake, na leo nautwaa uwakili wake bila ujira.

Yafaa kwanza mshtakiwa ajulikane. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 karibu na mji wa Orlando, katika ardhi ipitayo kilomita za mraba 100, na ndani yake mna bustani nne kubwa za tafrija, Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, pamoja na hoteli za kampuni yenyewe. Na aliyekwisha kuingia humo na wanawe hana soko la kukimbilia wala genge la uchochoroni, bali isipokuwa kile alichokibeba mkobani, atakula kwa mwenyeji wake kwa bei ya mwenyeji wake. Mpango wa milo katika sura tunayoijua ulianza mwaka 2005, ukasimamishwa 2020 maradhi ya Korona yalipofunga milango, ukarejeshwa tarehe 9 Januari 2024. Hununuliwa pamoja na chumba cha hoteli na huhesabiwa kwa usiku. Katika mpango mkubwa kila mtu hupata, kwa kila usiku atakaolala, haki ya mlo mmoja wa mezani anaoletewa na mhudumu, mlo mmoja wa dirishani anaojichukulia mwenyewe, na kitafunio kimoja. Katika mpango mdogo milo ya dirishani ni miwili, na meza hakuna. Uliporejea, mpango mkubwa uliuzwa dola 94.28 kwa mtu mzima na dola 29.69 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 9, na ule mdogo dola 57.01 na dola 23.83, hata baba, mama na watoto wao wawili wakawa wanadaiwa dola 247.94 kwa kila usiku wa mpango mkubwa, na kwa kulala mara tano dola 1,239.70, kabla ya yeyote kati yao kufumbua kinywa.

Hapo hasidi huruka na kuuliza ni akili gani kulipia wali usiopikwa. Namjibu kwamba sisi tunayo ilimu ya kinyume chake, tena ya tangu kadimu. Mama ntilie humwandikia kuli wa bandarini katika daftari, kuli akala leo na kesho na keshokutwa, na mwisho wa mwezi akalipa samaki aliyekwisha kusahauliwa na ulimi, kwa uchungu wa mtu anayelipa deni la marehemu. Mpango wa Florida umeipindua daftari hiyo: uchungu hutangulia, ukaisha, na kila sahani ijayo baada yake huja na uso wa zawadi. Wala hili si dai la wauzaji peke yao. Drazen Prelec na George Loewenstein, wataalamu wa tabia za watu na fedha zao, walichapisha mwaka 1998 utafiti ambao ndani yake waliwauliza watu wangependa kulipa lini, kwa awamu sita, gharama za matembezi ya wiki moja katika visiwa vya Karibi, na lini gharama za mashine ya kufulia nguo. Na walio wengi wakapenda kuyalipia matembezi kabla ya kwenda, na mashine baada ya kuipata. Mashine hufua miaka na miaka, na huku inafua mtu haoni taabu kuilipa. Ama starehe iliyokwisha kupita, bili yake huja kama mgeni aliyechelewa karamu, na hakuna apendaye kumfungulia mlango.

Tazama sasa mpango huu unavyozitengeneza tabia za wanadamu. Baba anayelipa taslimu husoma orodha ya vyakula kutoka kulia, kwenye bei, na akili yake hufika kwenye jina la chakula pale tu macho yanapokwisha kuridhika na tarakimu. Mwanawe akitaja nyama ya kuoka, baba humweleza kwa upole faida za supu. Mlipie baba huyo milo yake mapema, na utamwona ameketi kama Hatim Tai, yule karimu wa Waarabu, akiwashawishi wanawe waagize kile kilicho ghali kuliko vyote, na akiwakemea wanaoomba kuku palipo na nyama ya ng'ombe. Wapumbavu watasema ubahili wake umekufa. Haukufa, umebadili kibla. Jana aliogopa kutoa, leo aogopa kuacha, na khofu yake ni ileile, ila safari hii jamaa zake wanakula kwa baraka zake. Al-Jahiz wa Basra, aliyewatungia mabahili kitabu kizima katika karne ya 9, hakupata kuuona ubahili unaoamrisha kitindamlo cha pili, na naamini angaliuongezea mlango.

Bahili wa namna hii huwa faqihi. Hujua kwamba kuitumia haki ya kitafunio kwa chupa ya maji ni israfu isiyo na toba, kwa kuwa madirisha ya vyakula yanayouza soda hutoa maji ya barafu bure kwa aombaye. Hujua kwamba haki hiyohiyo yaweza kumpatia bilauri ya Dole Whip, ile aiskrimu ya mananasi ambayo watu huipangia foleni juani. Na hujua kwamba migahawa ya daraja la juu hukata haki mbili za meza kwa mlo mmoja, jambo ambalo hulihukumu kuwa makruhu, ila siku ya kuadhimisha ndoa. Jambo moja tu humpata ghafula: bakshishi haimo. Mhudumu wa Marekani hutazamia asilimia 18 au 20 ya thamani ya mlo, na kwa kuwa baba ameagiza vyote vilivyo ghali kwa moyo mkunjufu, asilimia hiyo nayo hukua kwa moyo uleule.

Wenye kuuliza kwa nia njema kama mpango unafaa kwa jamaa zao, nawajibu kwamba watazame kwanza vyeti vya kuzaliwa. Sheria ya mpango ina mlango wake wa baligh: kwa bei za 2024 mtoto wa miaka 9 alilipiwa dola 29.69, na usiku akitimiza 10, kabla sauti haijavunjika wala akili kuongezeka, aligeuka mtu mzima wa dola 94.28 ambaye hula vijiti vitatu vya viazi kisha akaomba kurudi bwawani. Jamaa yenye mabaleghe watatu wa aina hiyo na wauache. Lakini jamaa yenye watoto wa miaka minne, mitano na sita, ambao wamevuka bahari kwa shabaha ya kumkumbatia Mickey Mouse na si kwa lingine lolote, hao wapige hisabu upya. Katika mkahawa wa Chef Mickey's, ulio ndani ya hoteli ya Contemporary, Mickey na wenziwe hupita meza kwa meza huku watu wakijipakulia, na bei ya mtoto mmoja kwa karamu ya jioni huko mwaka 2024 iliweza peke yake kupita zile dola 29.69 za kutwa nzima. Hivyo mlo wake wa dirishani na kitafunio chake vikawa vimeangukia mfukoni mwa baba kama lulu. Hapa wakili haombi radhi wala hatumii hila: mteja wake ana haki, na mwenye kalamu na karatasi na aisahihishe hisabu yangu akiweza.

Kuna fungu jingine la wateja ambao sifa zao hazijapata kuandikwa. Tangu 2018 kinywaji kimoja kinachokwenda na mlo, kwa aliyetimiza miaka 21, chaweza kuwa cha kulevya, na bei ya watu wazima wote imejumlisha fadhila hiyo. Sasa mchukue Mswahili mmoja, tuseme wa Columbus au Minneapolis, aliyewapeleka wanawe likizo ya shule: pombe hagusi, kwao haikuguswa tangu babu wa babu, naye mbele ya sahani huagiza maji ya ndimu. Tofauti iliyopo kati ya gilasi yake na gilasi ya jirani yake wa meza ya pili imekwisha kulipwa, na wa kuilipa ni yeye. Ni karimu ajabu! Mtu asiyekunywa awanywesha wanywao, bila kuwajua, bila kuwahukumu, tena bila kutazamia thawabu, maana nina shaka kama kuna sheikh atakayemwandikia fatwa ya kuwa hiyo ni sadaka. Baadhi yao, nimeambiwa, hulipiza kwa kuagiza maziwa ya kusukwa yaliyo ghali kuliko yote katika orodha, nami siwalaumu.

Mpango huu umefaulu pia mahali ambapo mawaidha mengi yameshindwa. Nafasi za mezani hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, saa kumi na mbili ya alfajiri kwa saa za Florida, na aliyekwisha kulipia milo ya meza halafu akakosa meza amenunua njaa ya daraja la kwanza. Kwa hiyo watu ambao hawakupata kuiamkia alfajiri kwa sababu yoyote ya dini wala ya dunia huonekana wameketi gizani, vidole juu ya simu, wakiingojea saa kwa khushui. Wanachokigombania hakikosi kumgusa msomaji wetu. Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa miji ya mwambao wetu, Lamu ikiwa mbele, kuta zake zikichakazwa kwa makusudi na mafundi stadi. Na katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge, ya mwaka 2001, iko migahawa ya Boma na Jiko, na baadaye ikaongezwa Sanaa, ambayo madirisha yake yanatazama twiga na punda milia wakila bila mpango wowote. Boma hujipakulia mtu apendavyo kwa haki moja. Jiko hukata mbili. Shangazi zangu, ambao wamepika miaka yote hiyo kwa kuni na moshi, hawakupata kumkata mtu hata nusu, na sijui niwapelekee habari hii kwa barua au kwa mdomo.

Saa za mwisho za mpango ndizo tukufu kuliko zote, kwa maana haki zote hufa usiku wa manane wa siku ya kutoka hotelini, hazirithiwi wala hazirudishwi fedha. Siku hiyo utawaona watu waliokuwa wamekula mara tatu wakizunguka madukani kwa hima, wakibadilisha haki zao kwa peremende na mikate ya mchele iliyokatwa kwa umbo la masikio ya panya, wakijaza mikoba ambayo asubuhi walikuwa wameshindwa kuifunga kwa nguo. Mwenye dharau atacheka. Lakini mtu huyu anayebeba vifurushi kumi na viwili vya utamu asioutaka hadi uwanja wa ndege atafika kwao, na watoto wa jirani, ambao hawakulipa hata senti, watapata kujua kwamba safari ilikuwa njema.

Amebaki adui mmoja, na huyu lazima nimtaje. Ni yule mjomba aliyesafiri na jamaa, aliyesoma kanuni akagundua kwamba chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia bustanini, na ambaye kwa hiyo huja na mkate, tende na mayai ya kuchemsha, akaomba bilauri yake ya maji ya barafu ya bure, akaketi kivulini akitabasamu, na akapita siku nzima kwa gharama ambayo ni aibu kuitaja mbele ya wageni. Mpango umemwona. Kanuni yake yasema kwamba akinunua mmoja, sharti wanunue wote walioandikwa katika chumba hicho, kila aliyetimiza miaka mitatu. Na mjomba, akitaka kubaki na tende zake bila kulipia mpango kwa kila usiku, hana njia ila kujikodia chumba cha peke yake, ambacho hata katika hoteli za daraja la chini kabisa bei yake hupita bei ya karamu anayoikimbia. Wengi hukubali. Huandikwa pamoja na wenziwe, na jioni ya kwanza hukutwa Boma, mbele ya nyama ya kuoka, akirudi kupakua mara ya nne, mkate wake ukiwa bado mkobani.